Chungu cha Mtu Mmoja

Kila mwaka msimu wa korosho unapofunguka, mnamo mwezi wa Oktoba, mji wetu wa Mtwara hupokea vijana wengi. Wanatoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, na wengine mbali zaidi ya hapo. Baadhi yao hubeba magunia maghalani, baadhi hutafuta vibarua bandarini, na baadhi ni watumishi wapya waliopangiwa kituo chao cha kwanza cha kazi. Hupanga chumba kimoja Chikongola, Magomeni au Vigaeni. Kila mmoja huja na begi la nguo. Walio wachache huja na sufuria.

Leo twapenda kuzungumza juu ya sufuria hiyo. Huenda wako wasomaji watakaoona kwamba upishi wa kapera ni jambo dogo lisilostahili safu hii. Hatukubaliani nao. Mtu hufanya kazi kwa nguvu aliyoitoa chunguni, na anayebeba magunia huku tumbo lake limedanganywa anaidhulumu nafsi yake kwanza, kisha anaidhulumu jamii inayomtegemea.

Hivi karibuni tulimkuta kijana mmoja ameketi kivulini kando ya ghala, ilhali wenzake wanaendelea na kazi. Alikuwa ameshikwa na kizunguzungu. Baada ya kutuamkia na kunywa maji, alitueleza bila kificho kwamba kwa muda wa wiki nzima alikuwa akila ugali wa muhogo kwa chumvi. Malipo yake ya awali yalikwisha katika chipsi, soda na deni la mama lishe. "Mimi niko peke yangu, mzee," alituambia. "Mtu mmoja atapika nini?"

Hatukumcheka. Nasi tulipoanza kazi mbali na wazazi wetu tulikula nyama wiki ya kwanza ya mwezi, maharage wiki ya pili, chai na mkate wiki ya tatu, na wiki ya nne tulijua majina ya jirani zetu wote kwa kuwatembelea saa za chakula. Hatukuwa maskini kuliko wenzetu. Tulikuwa hatujui hesabu ya chungu.

Hesabu hiyo inaanza na kosa moja kubwa, nalo ni kudhani kwamba mtu mmoja hula kwa gharama ndogo. Ukweli ni kinyume chake. Mkaa unaoivisha mbaazi za mtu mmoja unakaribia kuwa sawa na ule unaoivisha mbaazi za watu wanne. Nazi haikunwi robo. Na anayenunua unga wa kikombe leo, kikombe kesho, pamoja na mafuta ya kupima na chumvi ya fungu, kila mara hulipa faida ya muuzaji upya. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kama kila kipimo kidogo kinamzidishia mnunuzi shilingi 100, na akanunua vipimo vitatu kwa siku, mwezi wa siku 30 utakapokwisha atakuwa ametoa shilingi 9,000 bila kupata chembe ya chakula zaidi.

Wazee wetu wa pwani waliposema haba na haba hujaza kibaba, hawakuwa wakitafuta vina. Kibaba kilikuwa kipimo halisi cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mtu aliijua posho yake kwa kibaba. Kijana wa leo naye na awe na kibaba chake: kopo moja analolijua, linalomtosha kwa siku. Akishajua hutumia makopo mangapi kwa wiki, siku ya malipo anunue unga, mbaazi, chumvi na mafuta ya wiki mbili kabla hajanunua kitu kingine chochote, tena mbele ya mizani. Vinavyooza, yaani mboga za majani, nyanya na samaki wabichi, ndivyo vinunuliwe kidogo kidogo.

Hapana budi pia kununua kwa kufuata majira. Mtwara ina bahari mbele na mashamba nyuma, na vyote viwili vina kalenda yake. Chuoni tulifundishwa kuutazama mwezi kwa ajili ya funga na Idi. Mvuvi huutazama kwa ajili ya riziki. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu upatikanaji wao hupungua. Basi anayenunua dagaa wakati wa giza, akawaanika tena vizuri juani na kuwafungia katika chombo kikavu, hatalia bei mbalamwezi itakapokuja. Maji ya bamvua yakitoka sana, pweza huonekana kwa wingi. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hukaa pwani na samaki hupanda bei. Huo ndio wakati wa kunde, choroko na mbaazi.

Bandari yetu yenyewe ni shahidi wa madhara ya kupuuza mambo hayo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Serikali yake ikaamua kulima karanga katika Tanganyika, yaani Kongwa, Urambo na Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikajengwa hapa ili kusafirishia karanga za Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947 kwa matrekta mengi na ujuzi mdogo wa ardhi na mvua zake. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Bandari ilipofunguliwa mwaka 1954, karanga zilizotarajiwa hazikuwako. Waliokuwa na fedha nyingi hivyo walishindwa kwa kutouliza ardhi inatoa nini na lini. Je, mwenye mshahara wa kibarua ataweza kuingia sokoni bila kuuliza?

Tuje sasa chunguni. Tuchukue mbaazi, ambazo mikoa ya Mtwara na Lindi huzilima kwa wingi. Mwaka 2017 India ilipowekea mipaka mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ilianguka na wakulima wetu wakaumia sana. Tulijifunza basi kwamba zao lisilo na mlaji nyumbani liko mikononi mwa mgeni. Mbaazi kavu zina takriban gramu 20 za protini katika kila gramu 100, kiasi ambacho unga wa muhogo hauukaribii hata kidogo.

Mwenye kuishi peke yake aziroweke usiku ili kuokoa mkaa, na asubuhi atupe maji yale na kuzichemsha za siku mbili kwa moto mmoja. Zikishaiva, azigawe kabla hajatia tui. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwani tui huchacha upesi katika joto la pwani yetu na huharibu chungu kizima. Fungu la leo alitie tui na kitunguu. Fungu la kesho lisitiwe tui. Lichemshwe tena usiku kabla ya kulala, lifunikwe, na kesho yake lichemshwe sawasawa na kuungwa kwa nyanya na dagaa. Mchele mmoja mapishi mengi, na mbaazi vivyo hivyo. Siku ya tatu ni zamu ya kisamvu kilichotwangwa na kupikwa mpaka kikaiva kabisa, pamoja na korosho zilizovunjika ambazo wachuuzi huwa hawazioni za thamani.

Twarudi kwa kijana wetu na ugali wake wa chumvi, kwa sababu jambo hili ni zito kuliko kizunguzungu. Muhogo ni rafiki wa Kusini. Umetuvusha katika ukame na njaa nyingi. Lakini muhogo mchungu una asili ya sumu iitwayo sianidi, ambayo huondolewa kwa maandalizi mazuri. Njaa inapowafanya watu waharakishe maandalizi, na wakawa wanaula muhogo huo siku baada ya siku bila samaki wala kunde, huweza kuzuka ugonjwa wa konzo. Jina hilo limetokana na lugha ya Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Miguu hupooza ghafla, na ulemavu huo hauponi. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, ng'ambo ya Ruvuma, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Katika miaka ya 2002 na 2003 ulijitokeza katika mkoa wetu huu huu wa Mtwara.

Hatusemi haya ili watu wauogope muhogo. Tunasema ili wajue kwamba kitoweo si anasa. Protini ya dagaa na ya kunde ndiyo inayousaidia mwili kuivunja sumu hiyo. Anayeacha dagaa ili abakiwe na fedha ya soda hajabana matumizi. Amekopa kwa miguu yake mwenyewe.

Na kwa kuwa mnunuzi wa mjini hajui unga wa sokoni uliandaliwaje, iko njia rahisi iliyothibitishwa na wataalamu. Tia unga mkavu katika bakuli, uweke alama mahali usawa wake ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze unga huo uliolowa juu ya sinia au mkeka safi, unene wake usizidi sentimita moja, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu iliyosalia, kwa sehemu kubwa, itatoka kama hewa. Songa ugali wako siku hiyo hiyo. Njia hii haigharimu hata senti moja.

Wako vijana wa kiume watakaotujibu kwamba jiko si mahali pao. Tungependa kuwauliza: katika jahazi linalokwenda siku kadhaa baharini, nani hupika? Katika shughuli zetu za pwani, nani husimama mbele ya masufuria makubwa ya pilau? Ni wanaume, na hakuna anayewacheka. Aibu si kushika mwiko. Aibu ni mtu mzima mwenye mikono miwili kulala na njaa akiwa na unga ndani.

Mwisho, liko jibu la swali la kijana yule, nalo ni la zamani kuliko bandari. Wazee walikuwa na neno bia. Siku hizi ukilitaja, watu hufikiria chupa. Lakini kula bia kulikuwa ni kushirikiana: kila mmoja atoe chake, chungu kiwe kimoja, na mlo uwe wa wote. Nyumba yenye vyumba sita vya kupanga huweza kuwa na wapangaji sita, majiko sita na moto wa aina sita jioni moja. Wanne tu kati yao wakiungana, mkaa utapungua sana, unga utanunuliwa kwa kipimo kikubwa, na kila mtu atapika siku moja na kupumzika siku tatu. Tulifundishwa chuoni kwamba israfu ni makosa na ubahili nao si sifa, na kwamba baraka ya chakula imo katika kukishiriki. Shuleni tukafundishwa kuwa umoja ni nguvu. Mafundisho hayo mawili yanakutana katika sinia moja.

Ila bia inataka uaminifu. Michango itolewe siku ya malipo, iandikwe katika daftari, na asiyekuwa na fedha wiki hiyo atoe kazi: akate kuni, aoshe vyombo au aende Feri alfajiri vyombo vinapotia nanga. Chungu bila daftari huzaa ugomvi, na ugomvi huwarudisha watu kwenye ugali wa chumvi.

Rai yetu, basi, ni hii. Vijana wa msimu wajipange wanne wanne kabla malipo ya kwanza hayajatoka. Wenye nyumba wawaachie pembe ya ua ya kupikia pamoja. Wanaoajiri vibarua wawalipe kwa siku waliyoahidi, maana hakuna hesabu ya chungu inayoweza kusimama juu ya malipo yasiyojulikana tarehe. Nasi wazee tuwaulize vijana hawa, tunapowakuta, si habari za kazi tu, bali wamekula nini.

Tulipopita tena ghalani baada ya siku chache, kijana yule alikuwa kazini. Tulimwuliza kama amekula. Akatuambia kwamba yeye na jirani zake wawili wamenunua mbaazi, na kwamba zamu ya kupika jioni hiyo ilikuwa yake. Bado wanamtafuta wa nne.