Nyumba Inapompisha Kuku

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu wa mjini wameifanya methali ya kumsengenya aliyehamia juzi. Katika vijiji vya Pangani ilikuwa maelezo ya kazi kabla haijawa methali. Koo akinunuliwa, au akiletwa na ndugu, hufungwa kamba ya ukindu mguu mmoja, ncha ya pili ikafungwa kwenye nguzo ya jiko la uani, naye akapewa maji na chenga za mchele pale pale kwa siku tatu nne. Azoee ua, na jimbi wa nyumba amzoee. Ukimfungua mapema, jioni utamtafuta nyumba hadi nyumba, na kama alikwisha kuanza kutaga, mayai yake utayakuta kichakani, kenge ameshapita.

Nimekulia katika ua wa namna hiyo, kwa bibi mzaa mama. Ua una wakubwa wake, na kila mtu anajua nani anakula kwanza na nani anakaa wapi. Koo akianza kuatamia, mpangilio huo hulegea kwa siku 21, na nyumba nzima ikampisha.

Usiku kuku wetu walilala kwenye kizimba kilichoinuliwa juu ya nguzo, karibu kimo cha mtoto, kwa sababu ya kicheche na nyoka. Nguzo zilizungushiwa majivu, maana siafu wakimkuta kuku juu ya mayai humla hapo hapo, na yeye hainuki. Lakini anayetaka kutaga hana haja na kizimba. Huingia ndani asubuhi akitetea, shingo mbele, akachungulia chumba hiki na kile, mwishowe akajitia mvunguni mwa kitanda. Hafukuzwi. Bibi alimtengea ungo mkuukuu: chini majivu makavu, juu yake majani ya mwarobaini au tumbaku, kisha nyasi. Majivu na majani yale ni kwa ajili ya utitiri, ambao wakizidi humfanya kuku ayakimbie mayai yake, na binadamu anayelala juu naye huamka akijikuna. Mgeni aliyepewa chumba hicho aliambiwa tu, “Usiku ukisikia kitu kinajigeuza chini yako, usishtuke, ni mwenyeji mwenzako.”

Katika siku za kutaga mayai hayaachwi yote kiotoni. Huchukuliwa moja moja na kubakizwa moja la kumrudisha mama, mengine yakahifadhiwa kwenye bakuli la pumba, ncha iliyochongoka ikitazama chini, mahali pa baridi. Hayaoshwi hata yakiwa na uchafu. Bibi alisema yai lililooshwa “limevuliwa nguo,” na baadaye nilipomsikia bwana mifugo akieleza utando mwembamba unaolinda ganda, sikuona kipya isipokuwa maneno. Koo akishatulia juu ya lile moja, manyoya yamemsimama, anadonoa mkono, ndipo alirudishiwa mayai jioni giza likiingia, 11 au 13. Idadi shufwa bibi hakuipenda. Mungu ni witiri, alisema, na hapakuwa na mjadala zaidi. Kila yai lilitiwa alama ya mkaa, kwa kuwa kuku wengine wavivu huja kutaga juu ya kiota cha mwenzao, na yai lililochelewa wiki moja halingojwi.

Kuna mayai ambayo si ya nyumba. Jirani ambaye koo wake ameliwa na paka huleta matano yake yachanganywe na yetu, na vifaranga wakitoka hugawanwa. Wengine hupeana kuku mzima: wewe una koo, mimi nina nafasi na watoto wa kuchunga, basi namlea na uzao tunagawana. Biashara hii ni ya wanawake. Ng’ombe na mnazi vina wanaume wa kuvisemea. Kuku wa uani ni wa mama, na anapouza pora wawili ili kununua daftari za shule haombi ruhusa ya mtu. Nimewahi kusikia watu wazima wakigombania shamba kwa maneno matamu kuliko wanawake wawili waliohitilafiana juu ya kifaranga mmoja wa kishingo.

Katika siku za kuatamia koo hachinjwi. Mgeni akifika ghafla, anayekamatwa ni pora, na kama hakuna pora mgeni atakula samaki. Watoto hawarushi mawe karibu na mlango. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, tuliambiwa, nasi tulilichukua neno hilo kama lilivyo, kuwa ni habari ya jiwe na kuku. Hata kufagia chumba kulingoja nusu saa ile ya asubuhi anapotoka kunywa, kula na kujigaragaza mchangani.

Majira nayo yana neno. Huku joto, kuku hutaga wakati wowote, lakini bibi hakuatamisha ndani ya masika. Vifaranga wakilowa hufa kwa baridi, na tope humaliza waliobaki. Alingoja mavuno, chenga zipo na jua limerudi. Ubaya wake ni kwamba kiangazi ndicho huleta ugonjwa wa kideri. Tukisikia kuku wamekufa kijiji cha pili, wetu waliuzwa siku hiyo hiyo. Bibi aliiona ni busara, na hapo namtaka radhi: kuuza kwa haraka namna ile ndiko kulikoubeba ugonjwa kijiji hadi kijiji, ndani ya matenga ya wachuuzi. Siku hizi liko tone la chanjo la jichoni, hurudiwa kila miezi mitatu, na hufaa zaidi nyua zote zikichanja pamoja.

Vifaranga wakishatoka adui huhamia angani. Mwewe alikuwapo tangu zamani; kunguru wa India aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ale taka za mji, akavuka bahari, akaona vifaranga ni vitamu kuliko taka. Kina mama huwafunika wadogo kwa tenga, na wengine huwapaka rangi ya kutilia mikeka, wakatoka waridi na kijani kama shehena ya peremende. Kunguru husitasita kidogo.

Bata bukini walifika kwetu na mjomba, jike na dume, kutoka Tanga mjini. Bukini ndilo jina la zamani la Madagaska, ingawa hawa walikuja kwa basi. Kwao kizimba cha juu hakifai. Hulala chini, kwenye majani makavu, na hutakiwa mbali na kuku kwa sababu wanapiga maji kila mahali, na tandiko bichi huwaua vifaranga. Majani hula wenyewe kama mbuzi. Jike hukaa juu ya mayai karibu mwezi mzima, siku 28 hadi 31, na dume husimama mlangoni na shingo yake imenyooshwa. Mwenye kuja kuomba moto alirudi mikono mitupu. Shehe wa mtaa alipigwa ubawa mbele ya watu, na mjomba akabaki na deni la kahawa ya kumtaka radhi. Bibi, ambaye hakumwogopa mtu, alianza kuzungukia mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata aliiba mayai manne ya bata bukini akamtilia koo mmoja mwenye mwili mkubwa. Kuku hawezi kuyageuza, ni mazito, kwa hiyo bibi aliyageuza kwa mkono asubuhi na jioni, na siku za mwisho akayanyunyizia maji ya vuguvugu. Walitoka watatu. Walipofika dimbwini wakajitosa, na koo akabaki ukingoni anazunguka na kuita, hata bibi akaenda kumbeba.

Vifaranga wakifikisha miezi miwili hivi, kuku mama huanza kuwadonoa kichwani. Watoto wa nyumba hulia, wakidhani ameingiwa na wazimu. Bibi alikuwa akimtazama tu, kisha akaingia chumbani, akainama, akakung’uta ungo na kuutia majivu mapya.