Ulimi Nao Upewe Kazi

Mtoto wetu wa miaka saba huweza kukusomea Juzuu Amma kwa tajwidi safi. Mwulize kwa Kiarabu soko liko wapi: hana neno. Mimi nami nilianza chuoni na alifu kwa ujiti, na fadhila za chuo sizikanushi. Kazi yake ni kuhifadhisha Kitabu, na kazi hiyo chaitimiza. Lakini kuzungumza ni fani nyingine, nayo yataka malezi yake.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Kenya mwaka 2019, uliingiza Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani na Kichina kuanzia Gredi ya 4. Khofu yangu ni kuwa masomo hayo nayo yatakuwa ya kunakili ubaoni tu.

Dawa ipo, wala si ngeni. Mwaka 1918, William Heard Kilpatrick wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, aliandika juu ya kufundisha kwa mradi: wanafunzi wapewe jambo la kutimiza kwa moyo wao, na elimu waipate humo njiani.

Tuchukue mtaa wa Fedha, huko Embakasi, Nairobi, usio mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mwalimu wa Kiarabu awaambie watoto: baada ya wiki tatu atakuja mgeni asiyejua ila Kiarabu. Mmoja ajifunze kumwonyesha njia, mwingine bei za dukani, wa tatu chakula na viungo vyake. Siku ikifika, aletwe msemaji wa kweli kutoka Islii, awaulize maswali wasiyoyatarajia, wazazi wakisikiliza.

Hatari moja iko. Watoto wakiachwa peke yao watashauriana kwa Sheng, wachore ramani nzuri, na Kiarabu kisitoke kinywani. Basi kila mmoja awe na habari ambayo wenziwe hawaipati ila kwa kumwuliza kwa Kiarabu. Na alama zitolewe kwa mazungumzo, si kwa rangi za ramani.

Mabaharia wetu wa zamani waliokwenda Maskati na Bombay hawakungoja kumaliza nahau. Walipatana bei, wakaomba maji, wakacheka pamoja na wenyeji, na lugha ikaingia.

Kwenda mbio si kufika. Mzazi wa Fedha, mwanao akirudi shule usimwulize yu ukurasa wa ngapi. Mwulize leo amezungumza na nani.