Mchoro wa Saketi: Uwezo wa Ndani au Amri Zetu Wenyewe?

Paneli ya jua iuzwayo kwa jina la "paneli ya volti 12" huweza kutoa volti nyingi zaidi ya hizo. Aghalabu paneli ya namna hiyo ina seli 36 za silikoni zilizoungwa mfululizo, na kila seli isiyobebeshwa mzigo hutoa takriban volti 0.6. Jumla yake ni volti 21.6. Tena seli za silikoni huongeza volti zinapopoa: joto likishuka kwa nyuzi moja ya sentigredi, kila seli huongeza takriban volti 0.002. Vipimo vya kiwandani huchukuliwa katika nyuzi 25. Basi jua linapochomoza kwa nguvu katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, seli zikiwa bado na nyuzi 15 tu, paneli hiyo yaweza kukaribia volti 22.3.

Tuseme sasa kwamba mwanafunzi amechora katika kompyuta saketi ya kuchaji betri ya shule, na kwenye maingilio ya umeme wa paneli ameweka kapasita ya elektroliti ambayo kikomo chake ni volti 16. Programu inaukagua mchoro na kuarifu kwamba hauna kosa. Saketi inaundwa, na baada ya muda kapasita inavimba, pengine inapasuka. Programu haikudanganya. Ilikagua yale iliyofundishwa kukagua, na hili halikuwamo. Je, tungoje waundaji wa programu waliongeze, au tuifundishe wenyewe?

Swali hili si la wataalamu wa ng'ambo peke yao. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme wa majenereta ya dizeli yaliyokuwa nje ya gridi ya taifa, hata mwaka 2022 gridi ilipoanza kufika. Katika miaka hiyo yote paneli na betri zilikuwa mwalimu wa umeme kwa watu wengi, na elimu hiyo haijapitwa na wakati.

Uwezo wa ndani

Tuchukue mfano wa KiCad, programu ya kuchora saketi na kusanifu ubao wake. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras wa Ufaransa. Baadaye CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, kilichangia sana kuiendeleza. Haina ada ya leseni, na ikishawekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Kwa sababu hizo yafaa kwa shule.

Uwezo wa ndani ni ule unaokuja pamoja na programu yenyewe. KiCad huweza kukagua kanuni za umeme: huonya ikiwa pini imeachwa bila kuunganishwa, au ikiwa vyanzo viwili vya umeme vinashindana katika njia moja. Huweza pia kuiga mwenendo wa saketi kabla haijaundwa, kwa kutumia programu ya ukoo wa SPICE, ambayo ilitolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973.

Sifa ya uwezo wa ndani ni kwamba umejaribiwa na watu wengi, umeelezwa katika vitabu vya mwongozo, na hutunzwa na waundaji wa programu kila toleo jipya linapotoka. Upungufu wake ni kwamba hujengwa kwa ajili ya haja za wote. Mwundaji aliyeko Ulaya hawezi kujua ni kapasita gani zimo katika kabati la maabara ya shule moja ya Kibondo, wala kwamba kipuri kikikosekana huenda kikaagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Skripti

Skripti ni orodha fupi ya amri ambayo mtumiaji huiandika ili kompyuta imfanyie kazi fulani. Lugha ya Python hutumika sana kwa kazi hii. Jambo linalowezesha skripti ni kwamba mchoro wa saketi, licha ya kuonekana kama picha, ndani yake ni maandishi. KiCad huweza kuutoa mchoro katika faili iitwayo orodha ya miunganiko. Humo kila kifaa kina jina na thamani yake, na kila kundi la pini zilizounganika, yaani nodi, lina jina na orodha ya pini zake.

Kwa hiyo kosa letu la kapasita laweza kutafutwa kwa hatua tano:

1. Skripti isome orodha ya miunganiko.

2. Isome jedwali dogo tuliloliandika wenyewe: nodi PANELI, volti 22.3, nodi BETRI, volti 14.4.

3. Kwa kila kapasita, itazame imeungwa na nodi zipi, na kikomo chake kilichoandikwa ni volti ngapi.

4. Kikomo kikiwa pungufu ya mara moja na nusu ya volti za nodi, itoe onyo.

5. Kapasita ambayo kikomo chake hakikuandikwa itajwe pia.

Kwa kanuni hiyo nodi PANELI yahitaji kikomo cha volti 33.45. Kapasita ya volti 16 itakataliwa, na ya volti 25 vilevile. Ya volti 35 itapita. Hatua ya tano isidharauliwe, maana skripti inayonyamaza inapokosa habari ni hatari kuliko kutokuwa na skripti kabisa: ukimya wake hudhaniwa kuwa ni usalama.

Kwa njia hiyo hiyo, skripti nyingine yaweza kulinganisha vifaa vya mchoro na daftari la kabati la maabara, ikasema mapema ni rezista zipi zimo na zipi hazimo.

Gharama ya kujitegemea

Hata hivyo, skripti ina gharama zake. Ya kwanza ni kubadilika kwa programu. Kwa upande wa kusanifu ubao, KiCad ilikuwa na mlango wa Python uliogusa moja kwa moja viungo vya ndani vya programu. Toleo la 9, lililotoka mwaka 2025, lilileta mlango mpya, na waundaji wakatangaza kwamba ule wa zamani utaondolewa. Walioandika skripti kwa mlango wa zamani hawana budi kuziandika upya. Skripti inayosoma faili iliyokwisha kutolewa haipatwi na misukosuko mingi hivyo.

Gharama ya pili ni ya kibinadamu. Mwalimu aliyeandika skripti akihamishwa kutoka Kasulu, nani ataielewa? Skripti isiyo na maelezo huondoka pamoja na mwandishi wake, hata kama faili imebaki. Kwa hiyo kila skripti ya shule iandikwe juu yake, kwa Kiswahili sanifu: inafanya nini, inasoma faili ipi, ilijaribiwa kwa toleo lipi, na haikagui nini.

Kuchagua

Historia ya KiCad yenyewe yatufundisha namna ya kuchagua. Kwa miaka mingi orodha ya vifaa vya kununua, ambayo kila mwundaji wa saketi huihitaji, ilitengenezwa kwa skripti zilizosoma faili ya mchoro. Watu wengi waliziandika, kila mmoja kwa namna yake. Katika toleo la 8 la mwaka 2024, kazi hiyo iliingizwa ndani ya kihariri cha mchoro. Skripti zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba haja hiyo ni ya wote, na haja ya wote mahali pake ni ndani. Daftari la kabati letu halitaingizwa humo kamwe, wala halistahili kuingizwa. Hilo ni kazi ya skripti yetu.

Basi kabla ya kuandika amri hata moja, mwalimu na wanafunzi wajiulize: Je, programu haina tayari uwezo huu? Je, haja hii ni ya wote au ni ya mahali petu? Je, faili iliyotolewa yatosha, au ni lazima kugusa viungo vya ndani? Na je, yupo mtu wa pili awezaye kuisoma skripti hii?

Mwisho, skripti yoyote ya ukaguzi nayo ikaguliwe. Chukueni mchoro ulio sahihi, mtieni humo kosa kwa makusudi, kwa mfano kapasita ya volti 16 kwenye nodi PANELI, kisha iendesheni skripti. Ondoeni pia kikomo cha kapasita nyingine mwone kama itatajwa. Skripti ikiyapita makosa hayo bila kuyaona, irudisheni mezani. Haijawa tayari kulinda betri ya shule.