Lishe na Taifa: Afisa Lishe na Somo la Iringa

Tangazo la nafasi za maafisa lishe wa halmashauri lililotoka juma hili limenifurahisha, ila limetanguliza vyeti.  Leo tuingie Iringa, maana kwangu shule ya kazi hii iko kule.

Mwaka 1983, kwa fedha za Italia na usimamizi wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, mradi wa lishe ulianza katika vijiji 168 vya mkoa huo. Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Mtoto anavalishwa suruali ya mizani, ananing'inizwa, analia. Uzito unasomwa kwa sauti, nukta inawekwa kwenye kadi: kijani, kijivu au nyekundu. Majibu yalijadiliwa palepale. Kamati ya kijiji iliuliza kwa nini watoto wa fulani wameangukia nyekundu, kisha ikakata shauri. Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, halafu unapima tena.

Mara nyingi chakula kilikuwamo ndani. Lakini mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto analishwa mara mbili tu kwa siku, na uji mzito unamshinda. Ukiuzimua, anajaza tumbo maji. Dawa ilikuwa kitu ambacho bibi zetu walikijua kwa kutengenezea pombe, yaani kimea. Ulezi unalowekwa, unachipua, unaanikwa, unasagwa. Kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito ulio vuguvugu, uji unalegea hadi unanyweka bila kuongezwa maji, na mtoto anapata unga mwingi katika kikombe kilekile. Kufikia 1988 utapiamlo mkali katika vijiji vile ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2.

Kwa hiyo afisa anayeanza kazi ajue kwanza kupima na kusikiliza. Ajue kuzungusha utepe mkononi mwa mtoto, na ukisoma chini ya sentimita 11.5 asingoje kesho. Ajue kukaa jikoni na mama bila kumdharau. Dharau ya msomi imeua miradi mingi kuliko ukosefu wa fedha. Akishakomaa, kazi yake ihamie kwenye baraza la madiwani, akaitetee ile shilingi 1,000 ambayo halmashauri hutakiwa kuitenga kwa lishe ya kila mtoto wa chini ya miaka mitano, isigeuzwe posho za semina. Akifika ngazi ya mkoa au wizara, awakalishe pamoja watu wa kilimo, maji na elimu, na awalee vijana walio chini yake.

Utafiti wa afya wa mwaka 2022 umeonyesha udumavu kitaifa ni asilimia 30. Iringa, mkoa wa mahindi, ndiyo inayoongoza, karibu asilimia 57. Udumavu ni kipimo tofauti na ule uzito wa miaka ya themanini, lakini tumeliacha somo letu wenyewe, na hilo ni aibu yetu sote tuliosoma.

Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri: vijana hawa wakiripoti, wapelekeni vijijini wakashike mizani kwanza, kabla hamjawapa meza.