Ibada Haiishii Jumapili

Mkristo wa Rangwe akikosa misa ili ampeleke jirani hospitalini, je, amekosa ibada? Mimi, mwanaisimu, nasema la. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na shina lake ndilo lile la Abdalla, yaani mtumishi wa Mungu. Kuabudu, basi, ni kutumikia. Pale Asumbi, kando ya kanisa palijengwa shule na chuo cha walimu. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba kaunti ya Homa Bay, karibu mtu mzima 1 kati ya 5 aliishi na virusi vya ukimwi. Mgonjwa asiye na nauli ya kufuata dawa hawezi kungoja Jumapili. Wazee wa kanisa wanaohesabu sadaka na wahesabu pia, kijiji kwa kijiji, wagonjwa waliotembelewa juma hilo.