Mwenye Udongo ni Nani? Milki ya Ardhi na Uhamishaji wa Hati huko Salamabila

Katika Kiswahili cha Maniema, kama kwingineko, mtu husemwa kuwa ni mwenye shamba, mwenye nyumba au mwenye kiwanja. Shina hili -enye latosha katika mazungumzo ya kila siku, lakini halitofautishi mtu aliye na kitu mkononi na yule aliye na mamlaka ya kukitoa. Sheria ya Kongo hutofautisha hao wawili, na katika pengo hilo baina ya lugha na sheria watu wengi wamepoteza walichodhani ni chao. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni kuu za milki ya ardhi na uhamishaji wa hati, kwa kuziangalia kutoka Salamabila, mji mdogo wa machimbo ya dhahabu katika teritwari ya Kabambare, kusini mwa Maniema.

Asili ya kanuni hizo ni ya zamani. Mnamo tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilitoa amri kwamba ardhi zisizo na mtu zihesabiwe kuwa mali ya Dola. Mwaka 1966 ilitolewa sheria iliyojulikana kwa jina la Bakajika, ambayo iliirudishia nchi mamlaka juu ya ardhi zilizogawiwa kabla ya Uhuru. Kisha ikaja sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980. Kifungu chake cha 53 kilitamka kwamba udongo ni mali ya Dola peke yake, haiuzwi, wala haipotei kwa sababu ya kupita miaka mingi. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria hiyo, raia hawi mmiliki wa udongo wenyewe. Hupewa haki ya kuutumia, iitwayo konsesioni.

Konsesioni ni za aina mbili. Ya kwanza ni konsesioni ya kudumu, ambayo hupewa mtu binafsi aliye raia wa Kongo, naye hufaidi ardhi yake bila kikomo cha muda maadamu anatimiza masharti. Ya pili ni konsesioni ya kawaida, ambayo ina muda maalumu, nayo huweza kupewa pia wageni na makampuni. Mamlaka ya kutoa hutegemea ukubwa wa eneo. Kwa ardhi za mashambani, sheria ya 1973 ilimwachia gavana zisizozidi hekta 200, waziri zaidi ya 200 hadi 1,000, na Rais zaidi ya 1,000 hadi 2,000. Zilizozidi hapo zilihitaji idhini ya Bunge. Shefu wa kijiji hamo katika orodha hiyo.

Kuhusu uhamishaji wa hati, kifungu cha 219 kiliweka kwamba haki ya kutumia ardhi huthibitishwa kisheria kwa cheti cha uandikishaji tu. Cheti hicho hutolewa na mhifadhi wa hati za ardhi, ambaye watu humwita konservateri. Muuzaji na mnunuzi wakipatana, wakaandikiana mbele ya mashahidi, na fedha zikalipwa, mapatano hayo huwafunga wao wawili. Lakini haki yenyewe haijahama. Huhama pale cheti cha kwanza kinapofutwa na kingine kuandikwa kwa jina la mnunuzi. Cheti kikiisha kutimiza miaka miwili, kwa kawaida hakitikisiki tena, na aliyedhulumiwa hubaki na njia ya kudai fidia tu. Hapa ndipo hatari ilipo: mtu aliyekaa kimya na karatasi ya shefu anaweza kushindwa na yule aliyewahi ofisini.

Je, mila imefutwa? Jibu halikuwa wazi. Kifungu cha 387 kiliziingiza ardhi za wenyeji katika milki ya Dola, na cha 388 kikazieleza kuwa ni zile wanazozikaa, wanazozilima au kuzitumia kwa namna yoyote kwa kufuata desturi. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki za watu juu ya ardhi hizo. Miongo ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, ilitia nguvu upande wa wenyeji kwa kudhamini milki ya mtu mmoja au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Aidha, sheria ya 1973 ilidai uchunguzi ufanywe mahali penyewe kabla ardhi ya mashambani haijatolewa, ili haki za waliomo zijulikane.

Huko Salamabila limeongezeka jambo la tatu, nalo ni dhahabu. Sheria ya madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, hutenga haki ya madini na haki ya ardhi iliyo juu yake. Cheti cha kiwanja hakimpi mtu dhahabu iliyo chini, na kibali cha kuchimba hakifuti haki ya aliye juu, ambaye anastahili fidia akinyimwa matumizi ya ardhi yake. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara huko Namoya, jirani na Salamabila, mwaka 2016, ikausimamisha mwaka 2019. Katika mahali pa namna hiyo, shamba moja laweza kuwa na wenye wanne kwa wakati mmoja: Dola, ukoo, mkulima na mwenye kibali. Kiswahili huwaita wote kwa neno moja.

Yafuatayo basi ni dhahiri. Mnunuzi wa kiwanja hana budi kuuliza kwanza kama kuna cheti, kwa jina la nani, na kama jina lake mwenyewe litaandikwa. Mwenye shamba la mila hana budi kujitokeza wakati wa uchunguzi, na kusema. Nao wanafunzi wa lugha wana kazi yao: sheria imeandikwa kwa Kifaransa, ilhali mapatano mengi ya Kabambare na Kasongo hufanywa kwa Kiswahili. Anayefasiri na aandike “anauza haki ya kutumia ardhi” pale ambapo ndivyo ilivyo, wala asiandike “anauza ardhi”. Maneno hayo machache yaweza kumzuia mtu asilipie kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho.