Fahamu: Wakanda kwa ulimi wa msimulizi
Filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kutolewa mwaka 2018, haikunifikia hapa Igowole kwa lugha yake ya asili, bali katika kibanda cha video, ambamo baridi ya Mufindi hupenya mabati, kwa ulimi wa msimulizi aliyeifasiri kila kauli kwa Kiswahili, akiongeza na mzaha wake mwenyewe. Sanaa hii ya kusimulia filamu imeshamiri Uganda, na Dar es Salaam ilimpa msimulizi Lufufu sifa kubwa.

Lugha ya Wakanda, nchi ya kufikirika ya filamu hiyo, fahamu, si ya kubuni; ni Kixhosa. Kati ya waigizaji wake, Lupita Nyong'o ni Mkenya, na Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala. Ama Killmonger, adui katika filamu hiyo, kwa rai yangu alimshinda mfalme wa Wakanda kwa hoja.